Tochi Namba Kumi na Saba

Kaka yangu mpendwa,

Mpwa wako amevua kiatu sasa hivi, akakiweka juu ya karatasi hii, akaninyang'anya kalamu na kukizungushia mstari. Ukigeuza nyuma utaiona kazi yake, kisigino kimekwenda upogo. Kisha akaniambia eti kikipotea tutajua. Nimecheka, halafu nikaacha. Sababu utaiona mbele.

Hujambo lakini? Mgongo unakuachia usingizi? Sisi huku miili ni mizima. Mtoto ile homa haijamrudia, na anakula mpaka naificha sahani. Kila jioni anauliza Mjomba atakuja lini kumbeba mabegani. Mama ameniambia kwenye simu kwamba unashinda ukitengeneza redio za majirani na mezani husemi neno. Kaka, usinyamaze hivyo. Mama anazeeka kwa kukutazama.

Mwandiko ukiupata umepinda, ni kwa sababu naandikia juu ya goti. Nimekaa kwenye benchi la ukumbi, ghorofa ya pili, katika ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa ndege. Feni inazunguka kama iliyolazimishwa. Karani anagonga mihuri tangu saa mbili na hajaniuliza shida yangu. Hakuna aliyeniita hapa. Nimekuja kwa miguu yangu.

Nianze na habari za karakana yetu ya ndege. Tangu uondoke yule mkaguzi wa serikali amekuja mara tatu. Mafundi wamembandika jina, wanamwita Mama Kwa Nini. Babu Grisi, yule mzee wetu wa magurudumu, anasema hata ukimwambia habari za asubuhi atakuuliza kwa nini ni asubuhi. Lakini Babu Grisi alikusimamia, nataka ujue. Alimwambia Mama Kwa Nini usoni kwamba wewe unaweza kusahau kuvaa suruali kabla hujaleta tochi yako mwenyewe kutoka nyumbani. Watu walicheka. Yeye hakucheka, aliandika.

Maana hilo ndilo wanalokushikia, na unalijua. Tochi ilikutwa imebanwa chini ya pedali za rubani, na wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kufanya kazi pale. Namba ilikuwa haina, mafuta yalikuwa yamekula karatasi yake ya namba. Daftari langu la stoo linasema siku ile tochi zote zilirudi. Ubao wa kutundikia vifaa umejaa. Kwa hiyo, wanasema, ile tochi ni ya kwako, uliingiza kifaa kisichosajiliwa, halafu ukakana. Bosi ameshatuambia kampuni ni safi na daftari ni safi. Mimi alinipa mkono mbele za watu, akasema mwandiko wangu umeokoa kazi za wengi. Ule mkono niliuosha mara mbili na sabuni.

Juzi Mama aliniambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba wapo wenzako waliokuonea kijicho. Wakati ule nilikuwa nashona kifungo cha gauni la mtoto. Nikamjibu, ndiyo Mama.

Kaka, unaukumbuka ule ubao. Wewe ndiye uliyeupaka rangi nyeupe na kuchora umbo la kila kifaa, mimi nikikushikia kopo, wiki yangu ya kwanza kazini. Ulinifundisha kwamba fundi akichukua kifaa ataacha kibati chake cha namba kwenye msumari, na msumari mmoja ukibaki wazi mwisho wa zamu, milango inafungwa, watu wanatafuta, na ndege haitoki hata kama mwenye nchi ameshapanda. Nilikuuliza, je kama ni kitu kidogo tu? Ukasema huko juu hakuna pa kuegesha. Shule yangu ni fupi, lakini hilo nililielewa siku ileile.

Siku ile, saa kumi, msumari wa kumi na saba ulikuwa wazi, na kibati chako kinaning'inia.

Ulikuwa umenirudishia vifaa vyako kwa mkupuo, ukavimwaga mezani, ukakimbilia wito wa bosi. Nikavihesabu, tochi haimo. Kabla sijakufuata simu ikalia. Alikuwa jirani anayenishikia mtoto. Akasema mwili unawaka, macho yamegeuka, niende. Nikautazama ule msumari. Nilijua nikisema neno, milango itafungwa na sitatoka hadi giza. Nikajiambia tochi iko mfukoni mwako, maana hukosi kuisahau humo, na kesho tutacheka. Nikachukua mpya kwenye boksi, nikaandika kumi na saba kwenye karatasi ya kubandika, nikaitundika. Kibati chako nikakirudisha na wenzake. Nikatia sahihi kwamba vyote vipo. Nikakimbia.

Mtoto nilimkuta ametulia, amelala kwenye kanga yenye maji. Nilimkumbatia, nikashukuru. Ndege iliruka saa kumi na mbili.

Watu arobaini na mmoja walikuwemo, kaka. Rubani alipotaka kugeuza, pedali ikagoma. Alivyopambana akairudisha chini unajua, na jinsi ilivyojipiga uwanjani unajua. Hakufa mtu, ila yule mhudumu aliyevunjika nyonga nilimtembelea hospitali. Nilimpelekea machungwa. Alinishukuru sana, akasema watu wa karakana wana utu, akauliza mwanangu ana umri gani. Sikumaliza kummenyea la kwanza.

Na wewe ukatoka na begi lako, ukanipa ufunguo wa kabati, ukaniambia nisilie, niitunze kazi. Nikaitunza. Wiki saba nimeitunza.

Kuisahau tochi ulisahau wewe, hilo siwezi kukubebea. Lakini ule ubao uliuchora kwa ajili ya kusahau. Kusahau kwako kungekwisha kwa kukemewa na ndege kuchelewa. Mimi ndiye niliyekugeuza mwongo.

Jumatatu wanakaa kuamua kama wakunyang'anye leseni moja kwa moja. Jana Mama Kwa Nini aliingia stoo peke yake. Akautazama ubao muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini karatasi ya kumi na saba ni nyeupe na za wenzake zimegeuka manjano. Nikasema ile ya zamani ilichakaa. Hakuniuliza tena kwa nini. Alisema ofisi yake inafunguliwa saa mbili, akatoka. Bosi akaja nyuma yake kunikumbusha kwamba mtoto wangu anahitaji mama mwenye kazi.

Ni kweli anahitaji. Ila nimewaza, akikua akaniuliza Mjomba alikwenda wapi, nitamchorea nini?

Sijui watanifanya nini. Pengine watanifukuza, pengine watanipeleka mbali zaidi. Nimemvalisha mpwa wako magauni mawili, moja juu ya jingine, na la tatu limo mkobani. Wakinizuia, jirani atamleta kwenu. Usiku hulala akishika sikio la mtu, usimkatalie. Kama utaona vigumu kunisamehe, anza na yeye, mimi nitangoja zamu yangu. Nina tumaini kaka, usinicheke. Naona kabisa ukirudi karakana, Babu Grisi akikutania, na ule ubao ukiwa na mtunzaji bora kuliko mimi.

Nisalimie Mama, umshike mkono kabla ya kumsomea. Wasalimie na wenye redio zao. Bahasha nimeshaiandika, karani amekubali kuitia posta nikichelewa kutoka. Ni mimi mdogo wako, mama wa mchora viatu.

Nimesahau moja. Asubuhi nimepitia stoo, nikaitoa ile tochi, ninayo hapa mkobani. Msumari wa kumi na saba nimeuacha wazi. Sisi wa stoo hatuna vibati, basi nimetundika karatasi yenye jina langu. Saa hii watakuwa wamefunga milango, wanatafuta, kwa hiyo hata miguu ikinigeuza hapa mlangoni sitakuwa na pa kurudi. Mama Kwa Nini amefungua, ananiita niingie, na mtoto keshatangulia na kiatu mkononi, anamwonyesha, nami kaka naomba tu unisame…