Mlango wa Babu Katika Sura ya Mwisho

Jumamosi, Kasenga. Tangu asubuhi mvua inanyesha kidogo kidogo, ile isiyokuruhusu uanike nguo wala uziache ndani zinuke. Nimechoka, na leo sina hamu ya kujifanya mchangamfu.

Nimewasomea watoto sura ya mwisho.

Ni watoto wa Kavimvira kama mimi, mtaa wa ukingoni ambao nyumba zake ziwa limezikalia. Kila Jumamosi tunakutana katika chumba cha kanisa, nami, shangazi wanayemwita Tantine, nawasomea riwaya ninayowaandikia. Ni habari ya Nabintu, msichana wa miaka ya uhuru, wakati ziwa lilipopanda kama lilivyopanda sasa. Maji yalikuwa bado mlangoni uasi ulipofika, watu wakakimbilia milimani. Baba yake akang'oa mlango wa nyumba, akaubeba kichwani. Huku kwetu anayekimbia huanza na mlango. Ukuta utaufyatulia matofali mengine. Mbao nzuri utazipata wapi?

Mlango huo sikuubuni. Ni wa babu, na Nabintu ni mama yangu alipokuwa mdogo. Sasa hivi umeegemea ukuta wa chumba tunachopanga hapa Kasenga, na mama analala kando yake. Tulipokimbia maji safari hii, vita nayo ikiwa milimani, tuliung'oa kabla ya kugusa hata sufuria.

Katika sura ya mwisho, bunduki zimenyamaza. Nabintu na baba yake wanashuka, wanakuta maji yamerudi nyuma na majani yameota. Wanajenga tena, wanaurudisha mlango mahali pake. Niliiandika nikilia kwa furaha. Nilidhani nawapa watoto tumaini.

Nilipomaliza, msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Tantine, walijenga fasi ile ile?"

Nikasema ndiyo, mahali pale pale.

"Basi maji itawakuta tena."

Hakuwa na ubishi. Alisema tu, kama mtu anayekuambia nguo yako imechanika mgongoni. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, na hakuna aliyepiga makofi.

Nikamtazama mama, aliyekuwa amekaa nyuma, nikitaka aniokoe. Akawaambia watoto kile ambacho baba yake alimwambia siku ile waliposhuka mlimani.

"Maji ilikuja na vita, na ikaenda na vita."

Ndivyo walivyoamini wote walioshuka. Nchi ilivurugika, ziwa nalo likavurugika. Nchi ikitulia, ziwa litalala. Wakajenga hadi ukingoni kabisa, wakazaa, sisi tukazaliwa humo. Na mimi nimeyaweka makosa hayo kitabuni nikayaita ujasiri.

Njiani kurudi, mama alitembea haraka kuliko kawaida. Alikuwa na furaha, na furaha yake ikanitisha.

"Maji iko nashuka," akasema. "Vita ikiisha tu, tutarudi. Weye mwenyewe umeandika vile, mwanangu. Wanarudi, wanajenga."

"Mama, kile ni kitabu tu."

"Basi unawasomea watoto uongo?"

Nikaongeza hatua kumfuata.

Akiamua kurudi, atarudi. Atajenga palepale kwa nguvu za mwisho alizobakiwa nazo, na ziwa litamkuta mzee asiyeweza tena kukimbia. Na aliyemtuma ni mimi.

Mchana huu nimejaribu kumpeleka Nabintu kwingine. Nimempandisha mlimani, lakini huko udongo unaporomoka mvua ikizidi, na kuna watu wenye silaha. Nimemwacha mjini, na mjini baba yake, ambaye hajui kazi ila kuvua ndagala na kulima, hana cha kuwalisha wanawe. Nimemkalisha kando ya mto, na mto nao huwa unabeba nyumba. Kila ninapomweka, najua jina la jirani yangu aliyefia mahali kama pale.

Nilisema naandika vitabu vya kuwafundisha watoto kuinuka tena. Leo sijui nilikuwa namaanisha nini.

Sura ya mwisho nimeifuta. Mama hajui. Ameketi mbele ya mlango wake, amechovya kitambaa kwenye mafuta ya mawese na anapaka bawaba zisiote kutu. Ananiita nishike upande mmoja ili aufikie ule wa chini. Nimeenda, nimeushika.

Jumamosi ijayo yule msichana atakaa mbele tena.

Nitamwambia Nabintu alijenga wapi?