Boflo la Kwanza Haliuzwi

Jumamosi, 9 Agosti. Makindu. Mawingu yamelala chini tangu alfajiri, jua halijaonekana.

Nimeapa kuwaandikia yote, hata uongo niliomwambia Mama.

Susu, bibi yangu, alituacha mwezi wa Aprili. Maisha yake yote aliuza boflo la viazi karibu na reli kuukuu: mkate uliopasuliwa, viazi vya manjano ndani, chatini ya ukwaju juu. Alifundishwa na baba yake, aliyefundishwa na Mhindi mmoja walipokuwa wakifanya kazi relini wakati wa mkoloni. Boflo la kwanza la siku Susu hakuliuza. Aliliweka juu ya jiwe kando ya reli, kwa ajili ya wale waliokufa wakiijenga, ambao hawakurudi kwao.

Mama ameokoka. Anasema jiwe hilo ni mambo ya giza. Tangu Aprili hatujaweka kitu, na tangu Aprili chatini imetukataa. Wateja wanauma, wanashukuru, hawarudi. Jana Mama aliamua kwamba leo ladha ya Susu isipopatikana, anafunga kibanda.

Mimi sitaki. Pale ndipo Susu amebaki.

Asubuhi Mama alipoenda kuteka maji, nilitengeneza boflo la kwanza nilipeleke jiweni kwa siri. Nikageuka. Mzee aliyevaa koti zito alikuwa amesimama mbele yangu. Sikusikia hatua zake. Alinyoosha mikono yote miwili, nami nikampa, kwa kuwa mkubwa hanyimwi chakula.

“Huwa nalikuta limepoa,” alisema.

Alikula polepole. Kisha akasema, akiniita msichana kwa Kikamba, “Susu yako alikuwa anachoma ukwaju kwanza, mwiitu.”

Niliinama kumchotea maji. Nilipoinuka hakuwepo, na pale ni uwanja mtupu hadi relini.

Nilienda kuangalia jiwe. Lilikuwa na makombo ya manjano, bado ya moto.

Nilichoma ukwaju juu ya makaa. Mama alionja, akakaa kwenye ndoo, akaonja tena. Mwishowe akauliza, “Nani amekuambia?”

“Nimekumbuka tu.”

Huo ndio uongo wangu.

Kufikia saa sita mkate ulikuwa umeisha. Mama hakutaja tena kufunga. Alisema Jumatatu tutafungua mapema.

Ninyi mliokula kwa Susu, nijibuni kabla ya Jumatatu: boflo la kwanza niliweke jiweni lipoe, au nisimame nalo mkononi nimngoje?