Mama, Nimekula Mlenda

Doha, Ijumaa mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Kama barua hii imekukuta umesimama, nakuomba ukae kwanza. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mtama mmeshavuna au ndege wamewawahi? Mimi nasimama na kutembea, hayo mengine ndiyo nataka kukueleza. Anayekuletea ni Mwanaidi, binti wa Singida mjini ambaye tunalala naye chumba kimoja. Anakuja likizo, na nimemwomba afike kwanza Kinyangiri kabla hajaenda kwao. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatia katikati. Isome mwenyewe, polepole, usiiweke chini mpaka mwisho.

Mwezi uliopita kazini walitupima afya. Kazi yangu unaijua: nakaa kwenye chumba cha kamera za duka kubwa, masaa kumi na mawili kwenye kiti, natazama watu wengine wakitembea. Chakula nakula hapo hapo mezani, kuku wa kukaanga, chipsi na soda. Nyumbani mkaona picha mkasema Yunis amependeza, amenenepa. Basi nesi, mama mmoja Mkenya, akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akatazama. Akapima mkono wa pili. Akaniambia nikae nitulie, akapima tena.

"Wewe una miaka mingapi?"

Nikamwambia ishirini na nane.

"Na umekuja hapa kwa miguu yako mwenyewe?"

Mama, sikuwa naumwa popote! Mimi nilijua presha ni ya wazee na ya watu wenye magari. Akauliza kama wazazi wangu wako hai. Nikasema baba alifariki. Akauliza kwa ugonjwa gani, nami nikajibu kama tunavyojibu nyumbani, kwamba baba alilishwa kitu.

"Alilishwa nini?"

"Mlenda, ile mboga ya kuteleza."

Hakucheka. Angecheka ningekasirika na mambo yangeishia hapo. Aliuliza tu kama kabla ya siku hiyo baba alikuwa akiumwa kichwa. Nikafungua mdomo niseme hapana, nikaikumbuka kanga yako ya njano. Ile aliyokuwa anajifunga kichwani, anaikaza mpaka mishipa inatoka, anasema ni jua. Ilikuwa miezi mingapi ile mama? Nikakumbuka damu za puani. Nikakumbuka nyama choma ya mnadani na lile fungu la chumvi pembeni, anachovya huku anatucheka sisi. Na asubuhi ile aliamka na macho mekundu, kabla hajakanyaga kwa shangazi kula ule mlenda. Niliyaona, maana maji ya kunawa nilimpelekea mimi.

Nikamweleza jinsi baba alivyoanguka. Nesi akasema hawezi kumwapia mtu ambaye hakumpima, lakini mdomo kupinda na mkono kulegea upande mmoja ndivyo presha inavyofanya ikipasua mshipa kichwani, na kwamba inatembea kwenye ukoo. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi. Nilishtuka mpaka machozi yakakataa kutoka.

Akanipa dawa na masharti. Nyama na vya kukaanga niache, nile maharage, dengu, kunde, matunda na mboga za majani, chumvi kidogo sana. Na mazoezi kila siku. Nikamwambia nesi, muda nautoa wapi? Basi la kazini linatuchukua alfajiri, tukirudi ni kufua na kulala. Akasema hajaniambia nitafute saa nzima, nitafute dakika kumi mara tatu.

Basi ndivyo ninavyofanya. Wakati wa mapumziko napanda ngazi mpaka ghorofa ya sita. Siku ya kwanza niliishia ya pili, nimeshika ukuta, nahema. Mimi, mama! Mimi niliyekuwa natoka kisimani na ndoo kichwani na kidumu mkononi bila kumwaga tone! Kabla ya basi natwanga. Ndiyo, natwanga. Nashika mpini wa ufagio, nakunja magoti kama niko kwenye kinu, mikono juu, mikono chini. Mwanaidi aliamka siku ya kwanza akaniuliza, "Unamtwanga nani?" Sasa tunatwanga wawili. Nikirudi kutoka kazini nashuka kituo kimoja kabla, namalizia kwa miguu. Ghorofa ya sita siku hizi nafika huku naongea.

Shida ilikuja kwenye mboga. Hapa jirani kuna duka la Mmisri, Mwanaidi akakuta mfuko wa majani makavu, wenyewe wanaita mulukhiya. Akaufungua akaninusisha. Mama, ni mlenda! Huku kote, ng'ambo ya bahari, Waarabu wanakula mlenda! Nilimrudishia ule mfuko hapo hapo. Miaka tisa sijaugusa, tangu siku ulipovunja chungu mlangoni ukasema mlenda usiingie tena kwenye nyumba yako.

"Sisi tumelelewa kwa mlenda, mbona tupo?" akasema. Nikamweleza habari ya baba. Akaniambia, "Wewe upike. Mimi nitakaa hapa."

Ijumaa iliyopita, mchana, nikasonga ugali, nikapika ule mlenda. Nilikula nimekaa sakafuni, sikukaa kwenye kiti, ili nikianguka nisianguke mbali. Usicheke. Mwanaidi alikuwa ameshika simu tayari. Tonge la kwanza lilikataa kushuka nikalitema. La pili nikalimeza, nikasubiri. Nikajishika mdomo nione kama umepinda. Nikainua mkono wa kulia, nikainua wa kushoto. Hakuna kitu. Nikala mpaka nikakwangua bakuli, na saa kumi nilikuwa napanda ngazi za hapa tunapolala.

Nililia huko huko kwenye ngazi, kwa sababu aliyesema ni mimi, mama. Siku baba alipoanguka uani watu walijaa, wakauliza amekula wapi. Mimi ndiye niliyejibu, "Kwa shangazi. Mlenda." Nilikuwa najibu swali tu. Lakini kwa maneno yale matatu shangazi Tabitha, dada wa kuzaliwa wa baba, alikaa kwenye msiba wa kaka yake nyuma ya zizi, na hakuna aliyempelekea hata maji ya kunywa. Mpaka leo tunazunguka njia ndefu ya kisimani ili tusipite kwake. Nimeona aibu sijui niiweke wapi.

Na juzi kwenye simu ukaniambia kaka Daudi kichwa kinamsumbua, anajifunga kitambaa, na kwamba shangazi alionekana akipita kwenye shamba la alizeti la Daudi. Niliposikia kitambaa nilitaka kupiga kelele. Nikakuambia zahanati, ukasema zahanati hawatibu mambo ya watu, ukakata simu. Mama, usimpeleke Daudi kwa mganga wa kutazamia. Ukishasoma hii mpeleke akapimwe presha kesho yake, usingoje wiki ijayo, usingoje alizeti ikauke. Na wewe upimwe siku hiyo hiyo. Chumvi ya mezani uifiche. Tangu anunue pikipiki Daudi hatembei, mwambie dada yake amesema shambani aende kwa miguu, kama daktari atamruhusu. Chakula ninachotafuta huku kwa shida kipo hapo kwako, kunde, choroko na uwele. Kilichopungua jikoni kwako ni mlenda peke yake, na aliyeuondoa ni mimi.

Tumeshazika mmoja, tukamwonea mwingine. Sitaki tuzike tena ndipo tupate wa kumsingizia.

Msalimie kaka Daudi, na wifi yangu mkewe, mwambie yeye ndiye anayeshika chumvi ya mume wake. Msalimie bibi, na mjomba anayekuchungia mbuzi.

Shangazi sijamwekea salamu humu. Zake nakuomba umpelekee mwenyewe. Toka mlangoni kwako mpaka kwake ni dakika kumi kwa miguu, usizunguke, pita njia fupi. Ukifika mwambie ni Yunis aliyesema yale maneno na Yunis ndiye anayeyarudisha. Halafu umwombe mlenda wa kukausha. Usiukaushe wewe, nataka wa mkono wake. Mwanaidi ataupitia akirudi, na mimi nitaula wote.

Ni mimi mwanao,
Yunis, niliyekula mlenda na bado napanda ngazi.