Jinsi Mfalme wa Kabazi Alivyotambuliwa Lanet

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Josphat Muiruri
Umri: Miaka 41
Kazi: Kukodisha mahema na viti
Makao: Lanet, Nakuru
Kuhusu: Kuvunjwa kwa kioo cha gari

Kwanza kabisa naomba iandikwe, na iandikwe vizuri, kwamba siku hiyo mimi niliagiza matumbo. Mwenye hoteli, Jepkoech, anaambia watu kwamba niliagiza nyama ya mbuzi nikaiacha kwa sababu ya ghasia. Si kweli. Yalikuwa matumbo, na niliyamaliza.

Mnamo Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa katika hoteli hiyo, kando ya barabara ya Nairobi. Gari jeupe likasimama. Alishuka mwanamume wa suti, ambaye sasa najua ni shemasi Kipkorir. Akafuatwa na mwanamke na watoto wawili. Wa mwisho alikuwa jamaa wa gambuti, zile buti za mpira, na aproni ya gunia, kama wale wapakiaji wa viazi.

Yule mwanamke alikuwa Waithera. Mimi na Waithera tuliimba kwaya moja Subukia kabla hajaolewa. Mimi nilikuwa wa besi, nikisimama nyuma yake. Tulikuwa tunaelewana. Mama yangu alikuwa ameshajua jina lake. Halafu akatokea Kihara, fundi wa redio, akaota kwamba yeye ni mfalme, akafungua kanisa lake Kabazi, akavikwa taji, na Waithera akawa malkia. Viti vya sherehe hiyo vilitoka kwangu, kwa hivyo taji nililiona kwa karibu. Lilikuwa la bati. Sina kinyongo. Nasema tu lilikuwa la bati.

Yaliyotokea Kabazi kila mtu anajua. Mfalme alikataza waumini kuchimba viazi mpaka apite kubariki kila shamba mwenyewe. Alibariki polepole. Mvua ikamtangulia, viazi vikaozea ardhini. Jumapili waumini wakaasi, wakakitoa kiti cha enzi nje kinyeshewe, wakakaa langoni kwake wakisema hatoki mpaka awaeleze watakula nini. Alfajiri ya Jumanne akapitia nyuma na familia yake na shemasi wake, waende kwa dada yake Ruiru. Haya niliyasikia baadaye. Pale hotelini sikumtambua. Alikuwa amenyoa ndevu, na bila ndevu Kihara ni mtu wa kawaida sana.

Kipkorir aliagiza chai na chapati kwa sauti ya tajiri. "Na huyu wa mzigo mpatie pia," akasema, bila hata kumwangalia jamaa wa gambuti. Aliigiza vizuri. Lakini chakula kilipoletwa, hakuna aliyegusa. Kipkorir alishika chapati, akairudisha. Wote walingoja mpaka mtu wa mzigo akameza.

Kisha Waithera akainuka kwenda kuomba sukari. Hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, kichwa kimeinama, mpaka akagonga kaunta.

Katika kanisa lile mtu hampi mfalme mgongo, hata mkewe. Mimi nilifokewa na wazee wao siku ya kupeleka viti, kwa kosa la kugeuka. Nikamwangalia vizuri yule wa gambuti. Afande, siku ya mwisho ya kwaya Waithera alipanda boda akaenda, na mimi nikabaki nikitazama mgongo wake mpaka kona. Huyu viazi vya watu vimeoza, taji hana, ndevu hana, na bado anaachwa kwa heshima hiyo.

Nikasema, "Waithera."

Akanitazama. "Sema, boss."

Nikajua anajificha.

Ndipo nikasema, "Mfalme, uishi milele." Sikupiga kelele. Nilisema kama mtu anayesalimia. Yule wa gambuti akainua mkono wa kulia, akatubariki wote, pamoja na sahani yangu. Sidhani alikusudia. Mkono ulijiendea tu.

Mwendesha boda aitwaye Kigen alikuwa meza ya pili. Mama yake analima Kabazi.

"Kumbe ni wewe, mzee," akasema. "Mathe amelia wiki mzima. Hebu bariki tena tuone."

"Kijana, mimi ni mtu wa mzigo."

"Mzigo gani? Na viazi uliozesha zote?"

Watu wa boda wakalizunguka gari. Kioo cha nyuma kikavunjika. Nimeulizwa nani alirusha jiwe. Sikuona. Nilikuwa namwangalia Waithera. Alikuwa amesimama kati ya mumewe na wale vijana, mikono ameitandaza, safari hii mgongo akiwa amempa mfalme. "Mtaanza na mimi," aliwaambia. Hawakuanza. Mimi ningekubali kupigwa kidogo, kama ningesimamiwa hivyo.

Kigen alimpigia simu Nderitu, kiongozi wa walioasi, naye akafika na pikapu kabla ya saa sita.

"Kihara, unakimbia nani?" akauliza. "Panda. Unarudi kuchimba na sisi hizo zimebaki."

Kihara akapanda. Nderitu akamgeukia Waithera. "Mama, wewe hatuna maneno na wewe. Nenda Ruiru na watoto, Kipkorir atawapeleka."

Hapo nilisogea. Nilimwambia Waithera kioo kimevunjika na baridi ya barabarani si nzuri kwa watoto, kwangu ni karibu, wanaweza kupumzika hata siku mbili, hata zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, boss," akasema. Akawapandisha watoto nyuma ya pikapu, akapanda na yeye, akakaa juu ya gunia tupu karibu na Kihara, akaanza kumtoa matope kwa kola. Wakaenda.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nimekubali ni maneno yangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: J. Muiruri

Dokezo la afisa: Maelezo yameandikwa nami, Koplo Cheruto, tarehe 12 Agosti 2025. Bi Waithera alihojiwa kesho yake nyumbani kwake Kabazi. Alipoulizwa kuhusu shahidi huyu, alisema hamjui.