Filta Iliyofungwa na Mzee Kariuki

Mashimoni, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Mama Wandera, mke wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa letu. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo ina mikwaruzo, na sababu yake utaisoma hapa chini. Nyinyi je? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Wandera bado anakohoa, au ile dawa ya zahanati imemsaidia? Na mihogo ya kule karibu na mto, maji hayajaifikia? Uniandikie yote, hata yale mabaya, maana nikikaa bila habari huwa nayawazia kuwa mabaya zaidi.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza kama bado kuna maana ya mimi kukaa huku. Sikukujibu upesi kwa sababu jibu sikuwa nalo. Tangu ile godauni ifungwe, miezi minane sasa, nimekuwa mtu wa kuamka na kutembea. Natoka hapa kwa binamu yangu Barasa asubuhi, nafika Kawangware kwa miguu, nasimama na wenzangu pale wanapochukua watu wa mjengo. Siku nyingine napata. Siku nyingine narudi na nyundo na tindo yangu kwenye mfuko vile vile nilivyoondoka.

Leo jibu ninalo. Lakini ngoja nikusimulie kutoka mwanzo, kwa sababu nusura nilipoteze kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kuna mama mmoja wa Kikuyu upande wa Kongo, huko Kawangware, watu wanamwita Mama Muthoni. Ploti ni yake, na vyumba vya wapangaji vimeizunguka nyumba yake pande tatu. Ni mjane. Juzi juzi alinichukua nimjengee ukuta wa choo uliokuwa umeanguka. Nyuma ya nyumba nikaona gari limefunikwa kwa turubai, Datsun ya milango minne, rangi ya maziwa, magurudumu hayana upepo hata kidogo. Lilikuwa la marehemu mumewe, Mzee Kariuki. Tangu azikwe, miaka miwili, hakuna aliyeligusa.

Siku nilipomaliza ukuta aliniletea chai, akasimama akiniangalia nikinywa.

"Kijana, si ulisema uko na leseni?"

"Ninayo, Mama. Nilikuwa naendesha lori ya godauni."

"Na kuchunga gari unajua? Kumwaga oili, kubadilisha filta, hizo vitu?"

Wewe unanijua. Kabla hajafunga mdomo nilikuwa nimeshamwambia, "Najua sana."

Mama Wandera, sijawahi kumwaga oili ya gari lolote. Kule godauni tulikuwa na makanika. Sisi madereva tulimwachia lori, tukaenda kunywa chai, tukirudi limekwisha tengenezwa. Nimeona kwa macho, ndiyo. Kwa mkono, hapana.

Mama Muthoni akanieleza shida yake. Binti yake, huyo Muthoni, ameolewa Limuru, na amejifungua mtoto wa pili wa kiume. Kwa mila yao mtoto wa kwanza alichukua jina la baba wa bwana, na huyu wa pili anachukua jina la baba wa mama. Kwa hivyo mtoto ni Kariuki.

"Mimi siendi kumwona Kariuki na gari ya watu," akasema. "Nataka kwenda na yake. Ukiiamsha kabla ya Jumamosi, wewe ndio dereva wangu. Si ya siku moja. Ni kazi."

Basi nikaanza Jumatatu. Betri niliipeleka kwa yule mtu anayechaji betri za televisheni, magurudumu nikayatia upepo, petroli ya zamani nikaitoa yote nikatia mpya, na kwa pesa ya Mama nikanunua oili na filta. Jumatano asubuhi gari likawaka. Lilikohoa kama mzee, likatoa moshi hadi wapangaji wakatoka kuanua nguo zao kwenye kamba, lakini likawaka. Nikaliacha lipate moto kidogo oili ilainike, nikalizima, nikaweka karai chini, nikafungua nati ya chini ya injini. Oili ikatoka nyeusi, nzito kama lami. Hapo nilijiona makanika kamili. Hata nilipiga mluzi.

Halafu ikabaki filta.

Labda hujawahi kuiona. Ni kama mkebe wa maziwa ya unga, ule mdogo, umefungwa ubavuni mwa injini kwa kuzungushwa. Inachuja oili. Ya zamani unaitoa, unatupa, unaweka mpya. Makanika wetu alikuwa anaitoa kwa mkono mmoja huku akisimulia habari za mpira.

Nikaishika. Haikutikisika. Nikaipangusa, nikaishika kwa kitambaa, haikutikisika. Nikaizungushia kipande cha msasa ili mkono usiteleze. Nikachuna ngozi ya vidole, filta iko vile vile. Nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikaufunga, nikaupitishia kijiti nikaunyonga, tyubu ikakatika ikanipiga mdomoni. Saa nane mchana nikakumbuka kwamba makanika wetu, filta ikimshinda, alikuwa anaipiga bisibisi ikatokea upande wa pili, halafu anaizungusha kwa hiyo bisibisi kama mpini. Nikafanya hivyo. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mkebe ukapasuka, bisibisi ikabaki mkononi, na filta ikabaki pale pale, na jeraha ubavuni, ikidondosha oili.

Mke wangu, hebu hesabu hasara. Gari lilikuwa halina oili. Filta yenyewe imetoboka. Sasa hata kulipeleka kwa makanika kusingewezekana isipokuwa kwa kuvutwa. Nilikuwa nimechukua gari la marehemu, ambalo asubuhi lilikuwa linawaka, nikaligeuza chuma cha kukaliwa na kuku.

Mama Muthoni akachungulia mlangoni. "Inaendelea?"

"Karibu imalizike, Mama."

Alhamisi pia nikamwambia hivyo hivyo. Siku nzima nilikuwa nimeinama juu ya injini, napiga, navuta, najifanya napanga spana. Jioni nilirudi hapa Mashimoni, Barasa akanipokea mlangoni kwa kelele zake, "Niaje, dere!" kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu kwake kwamba nimepata kazi ya udereva. Sikula. Nilikuwa nawaza kwamba kesho nisiende kabisa, nipotelee tu, Kawangware ni kubwa. Nikuambie ukweli, niliwaza hata kupanda basi nirudi nyumbani, nikwambie kwamba nimerudi kwa sababu uliniuliza.

Kilichonizuia ni tindo na nyundo. Nilikuwa nimeziacha kwake.

Ijumaa nikaenda. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na gari, anachagua mchele. Nikasimama mbele yake kama mtoto wa shule.

"Mama," nikasema, "sijui."

"Hujui nini?"

"Hii kazi. Nilikudanganya. Kuendesha najua, lakini filta sijawahi kutoa, na hii nimeipasua. Nimeharibu gari ya mzee."

Akaweka sinia chini. Nikangoja matusi. Akaniuliza kwa upole, "Imekataa kutoka?"

"Imekataa kabisa."

Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ngai! Itatoka aje, na ni Kariuki aliifunga! Huyo mzee alikuwa anafunga hata chupa ya asali, mimi nakaa bila asali mpaka arudi. Alimwaga hiyo oili Jumapili, na Jumapili ile nyingine hakuamka kitandani." Halafu akainuka, akaja kwenye gari, akainama. "Ulikuwa unaishika ukiwa wapi?"

Nikamwonyesha. Filta hiyo imelala, na tako lake linaangalia gurudumu. Mimi nilikuwa nimeinama kutoka upande ule mwingine wa injini, mkono nimeupitisha juu nikaishika kwa nyuma.

"Na unazungusha upande gani?"

Nikamwonyesha hilo pia.

Akaniangalia. Akaingia ndani, akarudi na chupa ya jemu. "Shika. Mfuniko ukuangalie wewe. Fungua." Nikafungua. "Funga tena. Sasa igeuze, mfuniko uangalie kule, tako likuangalie wewe. Fungua, lakini ukizungusha mfuniko."

Mkono wangu ulikwenda upande mwingine.

Mama Wandera, kwa siku mbili nilikuwa naikaza. Mzee Kariuki aliifunga kwa nguvu zake, na mimi nikaongeza zangu juu yake. Najua sasa hivi unacheka, na labda umemwita mama aje asomewe hapa. Haya, chekeni. Mimi pia nilicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

"Miaka ishirini na nane nimemshikia taa," akasema Mama Muthoni. "Yeye aliongea na gari, hakuongea na mimi, lakini macho yangu yalikuwa yanafanya kazi. Ikikataa alikuwa anachukua chuma yenye ncha, anagonga pale kwa ukingo, pole pole, upande wa kufungua. Uko na chuma kama hiyo?"

Nilikuwa nayo. Tindo ile ile ya kuchongea mawe ya choo chake.

Nikalala chini upande wa gurudumu. Yeye akainama juu, leso amejifunga kiunoni, akiniongoza kwa kidole. Nikaegemeza tindo kwenye ukingo wa mkebe, nikagonga. Hakuna. Nikagonga tena. "Usikasirike nayo," akasema. "Gonga kama unabisha hodi." Nikabisha hodi, mara kumi, mara ishirini, nikisogeza tindo kidogo kidogo. Halafu nikasikia sauti ndogo, *kii*, kama mlango wa kabati. Mama Muthoni akanishika bega. "Hiyo! Hiyo ndiyo!"

Nikaizungusha kwa mkono, ikaja. Oili iliyobaki ikanimwagikia hadi kwapani, na nikuambie, hakuna maji ya kuoga yaliyowahi kunifurahisha namna hiyo.

Nikataka kuitupa kwenye karai. Akasema, "Lete." Akaipangusa kwa gazeti, na chini ya ule uchafu kukatokea maandishi ya rangi nyeupe. Ni nambari za kilomita, mwandiko wa taratibu wa mtu aliyezoea kuandika. Bisibisi yangu ilikuwa imepita katikati, nambari mbili zimekatika. Nikasema, "Nisamehe, Mama." Alisoma zile zilizobaki, akazisoma tena, akaifunga filta katika gazeti, akaipeleka ndani.

Aliporudi alikuwa na kalamu. "Andika na yako," akasema. Nikaandika kilomita juu ya filta mpya, na chini yake jina langu, Oduori.

Sasa nilikuwa mtu mwingine, Mama Wandera. Sikuharakisha kitu. Kabla ya kuweka ile mpya nilipitisha kidole pale ilipotoka ya zamani, nikaona kuna mpira wa duara umebaki umeng'ang'ania injini. Ni wa filta ya zamani. Ningeweka mpya juu yake, oili yote ingetoka kwa nguvu na injini ingekufa njiani Limuru. Nikaukwangua, nikapangusa, nikapaka mpira mpya oili kidogo, nikafunga kwa mkono. Kwa mkono tu. Nikamimina oili mpya, rangi ya asali.

Mama Muthoni akaketi kiti cha mbele kando yangu. Nikawasha. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye picha ya kopo. Ikiwaka na injini inanguruma, basi hakuna oili inayopanda, zima upesi. Ikawaka. Tukaitazama sote wawili. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimeshashika ufunguo nizime. Ikazima yenyewe. Nikatoka, nikaangalia chini ya gari. Pakavu. Nikarudi, nikaweka kichwa juu ya usukani, na mama yule akanipigapiga mgongo.

Jana tukaenda Limuru. Mvua ilinyesha, gari likapanda vilima bila kulalamika. Tulipofika alimpokea mtoto, akasema kwa sauti kubwa, "Nimekuja kuona bwanangu!" wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaketishwa nikapewa irio, ule mseto wao wa viazi na mahindi, hadi nikashindwa kuinama. Njiani tukirudi aliniuliza kama mke wangu ni mtu wa kuogopa mji.

Nilimwambia wewe huogopi kitu. Akasema kuna chumba kinaachwa wazi mwisho wa mwezi, bati lake ni jipya, na mfereji wa maji uko karibu na mlango. Kesho naanza kazi. Kwa hivyo usilime tena lile shamba la chini, mwachie mdogo wangu. Shule zikifungwa, uje na watoto, hata kama ni kwa likizo hiyo moja tu, uone mwenyewe halafu tuamue pamoja. Siwezi kuendelea kukuamulia kutoka huku.

Nisalimie mama, umwambie mguu autie maji ya chumvi na asiende sokoni. Nisalimie baba mkwe, na ukimwona mwalimu wa Wandera, umwambie nashukuru kwa ile ripoti. Dada yangu mkubwa mwambie sijamsahau, sabuni yake nitaituma na mtu. Wandera na dada yake wabusu kila mmoja, na huyo mdogo umwambie baba anamngoja huku ambebe.

Jana usiku nililala hadi asubuhi bila kugeuka. Barasa alidhani nimekufa, akaja kunitikisa.

Wako mwenye kukupenda, niliyeoga mara tatu na bado shuka linanuka oili,

Baba Wandera