Shuka za Rangi ya Waridi

Chumba cha Nyuma,
Nyumba Na. 14,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka bati linatikisika? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Usicheke kwanza.

Kazi niliyopata huku si ya udereva. Namtunza bibi wa Kizungu, mwalimu mstaafu asiyeweza kutembea. Namlisha, namgeuza kitandani, namfulia. Mimi huyu, niliyeota ndevu bila kujua chumvi inakaa kopo gani!

Napokezana zamu na mama mmoja mwenye wajukuu wanne. Yuko hapa mwaka wa kumi na nne, na bado anaitwa "msichana". Mimi siku ya tatu tu nikaitwa "Bwana Msimamizi". Sote weusi, lakini mlangoni yeye huulizwa mwenye nyumba yuko wapi, mimi huulizwa kama ni daktari. Hiyo ni nikivaa koti jeupe la kazi. Nikilivua, jirani anaita mbwa wake.

Sasa sikia kisa. Wiki jana nilifua shuka nyeupe za Bibi pamoja na soksi zangu nyekundu. Zikatoka za waridi, zote sita. Bibi akazipenda, akasema analala kama bibi harusi.

Jumatano, tukiwa tunabadilishana zamu, akaja binti yake. Akanikuta namchana mamake nywele, akashika kifua. "Mwanamume anachana nywele! Una moyo wa ajabu." Akanipiga picha tatu. Mwenzangu amezichana nywele hizo miaka yote, hajapigwa hata moja.

Kisha akaona kitanda. Akamgeukia mwenzangu. "Msichana, umeharibu shuka za mama. Kesho usije."

Nilifikiria kibali changu cha kazi, nikakodolea macho ukuta. Mwishowe nikasema, "Mama, ni mimi."

Unajua alifanyaje? Alicheka! "Wanaume bwana! Mambo ya kufua mmeyajulia wapi?" Akanipigapiga begani. Kosa lile lile: kwa mwenzangu ni kufukuzwa, kwangu ni kichekesho.

Bibi akagonga sahani kwa kijiko. "Mwombe radhi. Na umwite kwa jina lake."

Binti akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi, kama mwanafunzi anayetaka kuibia jibu. Hakulijua!

Mwenzangu amebaki kazini, lakini siku nzima iliyofuata hakunisemesha. Nikamwuliza, kwani sikukiri? Akasema, "Ulikiri. Ila ulinyamaza kwanza, na mimi nilikuwa nakungoja."

Nikashika ndoo, nikapiga deki ngazi zote, ambazo hazikuwa na uchafu wowote.

Tangu hapo nakuwaza wewe. Ulitufulia wavulana wanne, nasi tukaona kama nguo zinajifua zenyewe. Asante, Dada. Nimechelewa, najua.

Nisalimie shemeji, mpwa wangu msusi, na shangazi wa sokoni. Mungu awafunike kwa rehema zake, alipoze na hilo goti.

Nikija likizo, jikoni usiingie, nitapika mimi. Waambie majirani mapema, wasije wakadhani nimerogwa.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda kutoka huku mbali,
Kitinda Mimba