Kwa Kaka Aliyeiuza Sahihi ya Mama

Kwa kaka yangu mpendwa, Mutua,

Hilo neno "mpendwa" lisikupe moyo. Barua huanza hivyo, nami sitaki mtu aseme sikulelewa. Tena ujue mapema: barua hii nimeiweka kwanza kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani, wote waisome, ndipo nikutumie wewe. Umebadilisha namba, umehama mtaa, hata mkeo akiniona sokoni anajifanya anachagua nyanya. Haya, sasa utanisikia kupitia midomo ya watu.

Unakumbuka chumba chetu cha Kariobangi, pale nyuma ya mafundi wa masufuria? Walikuwa wakigonga mabati kutwa nzima, nawe ukifanya hesabu zako vidole vikiwa masikioni. Baba alikuwa ameshafariki, akatuachia patasi zake za kuchongea vinyago, na Mama akiuza sukuma wiki. Siku aliponipeleka kuandikishwa darasa la kwanza, karani alimsukumia kisanduku cha wino, akasema, "Weka kidole hapo, mama." Mbele ya watu wote. Ulikuwa umesimama nasi, una miaka kumi na moja, na nilikuona ukiuma mdomo. Jioni hiyo ulichukua gazeti la kufungia sukuma, ukamkalisha kitandani, ukamwambia, "Leo hatuli kabla hujaandika M."

Mama aliiogopa kalamu. Ulimshika mkono ukamwongoza. "Hii ni kama vile vilima viwili vya kwenu. Panda, shuka, panda, shuka." Ilichukua wiki kadhaa. Siku alipoandika "Mbithe" yote bila kusaidiwa, alipiga kigelegele mpaka mafundi wakaacha kugonga. Nilikupenda siku hiyo, Mutua. Nilidhani hakuna kijana kama wewe Eastlands nzima.

Na Desemba tulipokwenda kwetu kule mlimani, upepo ule! Mama alikuwa akipanga mawe juu ya mabati ya nyumba yasiende. Wewe ulifungua vifungo vya shati likajaa upepo, ukasema siku moja utautia kwenye gunia uulete Kariobangi kuuza. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ningejua nisingecheka.

Kampuni ya umeme wa upepo ilipokuja, Mama akiwa amesharudi kuishi mlimani, haikuja na ubaya. Walisimamisha kwanza mlingoti mwembamba wa kupimia upepo, ukakaa pale zaidi ya mwaka, mbuzi wa Mama wakijikuna kwenye waya zake. Kisha wakatafuta kijana wa huko huko, mwenye elimu, wa kuzungumza na wenyeji. Si ndiwe? Ukaja kwangu na fulana ya reflekta ya kijani, na ile kofia ngumu hukuivua hata ukiwa umekaa kwenye kochi. Mama mwenyewe alifurahi. Hakuukataa umeme. Alichouliza tu ni kama waya utafika jikoni kwake, nawe ukamwambia, "Mathe, wewe ndio utawashiwa wa kwanza."

Ulichomficha ni kwamba mtambo mmoja ulipangwa kusimama karibu na ua wake, na nyumba iliyo karibu hivyo lazima iondoke, kwa sababu ya kelele na usalama. Wenye mashamba mengine wengi wanaishi huku mjini, Kariobangi na Dandora, na kumtembelea kila mmoja umweleze, akuulize maswali, ndipo akusainie, ni kazi. Kazi hiyo ndiyo uliyolipwa ufanye, na hukuitaka.

Mimi ndiye katibu wa chama chetu cha watu wa nyumbani. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Mtu akiingia anaandika jina, simu na sahihi kwenye daftari langu, tunapanga mambo ya wagonjwa na mazishi, tunakunywa chai, tunaenda zetu. Jumapili ile Mama alikuwa mjini kwa kliniki ya presha. Alichelewa, kwa hiyo jina lake aliliandika kwenye ukurasa wa pili, polepole, foleni nzima ikimngoja, na hakuna aliyenung'unika. Wiki iliyofuata ukaja. "Sista, niazime hiyo daftari kidogo tu, nataka namba za watu niwaite mkutano." Nikakupa. Tena nikakupikia chapati.

Kosa langu ni hili, na ninalisema mbele ya wote: huwa naandika "Mahudhurio" juu ya ukurasa wa kwanza pekee. Wa pili hauna kichwa, ninaendeleza namba tu ili kubana nafasi. Wewe ukaliona hilo. Ukauchomoa ukurasa wa pili taratibu, ukaubana kwa pini nyuma ya karatasi ya kampuni inayosema kwamba sisi tuliotia sahihi tumekubali kuhama. Daftari ukalirudisha, ukasema asante, ukauliza kama chapati zimebaki.

Mama alinipigia simu asubuhi moja. "Mwende, ni nani huyu amepaka nyumba yangu rangi?" Alama ya X, nyekundu, kubwa, ukutani kando ya mlango. Nilipanda gari nikaenda, tukafika ofisi ya mradi yeye na mimi, na binti wa pale kwa adabu zake zote akatutolea nakala ya ile karatasi. Mama akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya jina lake, akasema, "Huu ni mkono wangu." Hakuweza kuukana. Nami nikaapa pale pale kwamba nitakushughulikia.

Sahihi uliyomfundisha wewe! Shenzi wee! Angebaki na kidole chake cha wino usingempata, maana daftari langu haliendi na kisanduku cha wino.

Ila ulikuwa na haraka, kaka. Majina kwenye karatasi ya kampuni yanaanzia namba ishirini na nne. Hukuona? Msomi mzima wa chuo! Namba moja mpaka ishirini na tatu ninazo mimi, na juu yake pameandikwa "Mahudhurio" kwa mwandiko wangu, tarehe ya Jumapili ile, na ajenda ya siku hiyo: basi la mazishi ya mzee Kioko. Wakili tuliyemchukua kuipinga karatasi hiyo aliziweka kurasa mbili kando kando, akacheka peke yake.

Wiki jana wito wa korti ukakufikia na ghafla ukaikumbuka namba yangu. "Sista, ukisema hivyo nimeisha. Fikiria watoto wangu. Sisi ni wa tumbo moja." Tumbo lipi, Mutua? La huyo mama uliyempakia X mlangoni? Ebo!

Sitaki uniombe msamaha. Sitaki tukalishwe kwa mchungaji tushikane mikono. Nataka uvuliwe hiyo reflekta watu wakiona. Nataka uulizwe swali moja baada ya jingine mpaka koo likauke, na Mama akiwa amekaa mahali ambapo huwezi kukwepa macho yake. Utakiona cha mtema kuni, haki ya Mungu. Kama ni dhambi, nitatubu baadaye. Sasa hivi ninaifurahia.

Nilidhani Mama atanizuia. Nilimweleza kila kitu, hata uliyonitumia kwenye simu, naye akaendelea kuchambua maharagwe mpaka yakaisha kwenye ungo. Kisha akasema, "Nenda ukaseme ukweli. Akitoka, nitampikia." Sijui alimaanisha ukitoka kortini au ukitoka jela. Sikumuuliza. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, na machozi hayo pia ninakudai wewe.

Jana wakili alinionya. Nikikiri kwamba nilikupa daftari la chama bila kuwauliza wanachama, naweza kuunganishwa na wewe kwenye mashtaka. Akaiweka kalamu chini ili nifikirie kwanza. Nilimwambia aichukue aandike. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi kortini usije ukidhani ninakuja kukutazama tu ukizama. Nitaanza mimi, nitataja kosa langu kwa jina, halafu nitataja lako. Wakitufunga, na watufunge wote wawili. Mama atalala kwake.

Usichelewe.

Dada yako mdogo,
Mwende